Kabla Ruta Haijaamini

Fundi hagusi kwanza ruta, kifaa kinachoelekeza trafiki ya intaneti. Anafungua daftari, lile kubwa la jalada gumu, analilaza kushoto kwa kibodi na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Humo mna mafungu ya anwani ambayo kampuni yake imepewa na AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti wa Afrika mwenye makao Ebène, Mauritius. Mbele ya kila fungu kuna ukubwa wake, ruta inayolitangaza, jirani anayetangaziwa, na tarehe lilipokaguliwa mara ya mwisho. Kalamu ni mbili. Ya bluu ni ya alichokiona mwenyewe kwenye ruta. Nyekundu ni ya alichoambiwa. Kazi ya usiku haianzi mpaka kila kilichoandikwa kwa nyekundu kiwe kimeandikwa upya kwa bluu.

Kampuni yenyewe ni ndogo. Inauza intaneti kwa maofisi, shule na zahanati za Dar es Salaam, na ina ruta nyingine Dodoma. Fundi ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na hakutaka jina lake liandikwe. "Ukiona nimetajwa gazetini," alisema, "ujue kuna kitu kimezimika." Kijana anayejifunza chini yake humwita dada, naye humwita mdogo wangu, hata pale anapomkatalia jambo.

Anacholinda ni njia. Intaneti imeundwa na makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea. Kila mtandao una namba yake ya utambulisho, ASN, na huwaambia majirani zake anwani zipi zinafikika kupitia kwake. Lugha ya kuambizana ni itifaki ya BGP. Fikiria makonda wa daladala stendi: kila mmoja anapaza sauti aendako, abiria wanapanda kwa kuliamini tangazo, na hakuna anayemwomba konda leseni. Tena anayetaja kituo chenyewe hasa ndiye anayepata abiria. Unayekwenda Sinza Kijiweni utamwacha anayeita "Sinza" na kumfuata anayeita "Kijiweni". Ruta nazo huchagua hivyo hivyo. Fungu dogo hulishinda fungu kubwa linalolibeba, bila kujali nani amelitangaza.

Itifaki hiyo ilichorwa Januari 1989 mjini Austin, Texas, na Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, mezani wakati wa chakula, juu ya karatasi za kufutia mikono. Walikuwa na tatizo la kutatua upesi, mtandao ulikuwa mdogo, na wengi waliouendesha walijuana. Hawakuweka mahali pa kuuliza, "Nani amekuruhusu kutangaza anwani hizi?" Toleo la nne la itifaki, linaloendesha intaneti hadi leo, nalo halina mahali hapo. Kwa hiyo swali hilo hujengwa kwa mkono, nje ya itifaki, kipande kwa kipande, na watu kama huyu dada.

Kisa ambacho kila fundi wa njia hukisimulia ni cha tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatangaza fungu la /24, yaani anwani 256, lililokuwa ndani ya fungu la YouTube la /22, ili trafiki ya ndani ya nchi ipotelee hapo. Tangazo likavuja hadi kwa PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa ikiwauzia Wapakistani intaneti. PCCW haikulichuja, ikaligawa duniani. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 3:47 usiku. Muda si muda sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ikipeleka Pakistan maombi ya video. Saa 5:07 YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 ile ile, saa 5:18 wakatangaza vipande vidogo zaidi vya /25, na saa 6:01 PCCW wakayaondoa matangazo ya Pakistan Telecom. Hakuna nywila iliyovunjwa wala seva iliyoingiliwa. Ruta zote zilifanya kazi kama zilivyoundwa.

Turudi mezani. Upande wa kulia wa skrini kuna dirisha jeusi la amri. Fundi anaiuliza ruta ya Dar es Salaam inamtangazia nini jirani wa kwanza, anasubiri orodha ishuke, anailinganisha na daftari. Kisha jirani wa pili. Kisha TIX, kituo cha kubadilishana trafiki ambacho kimekuwapo Dar es Salaam tangu 2004, mahali watoa huduma wanapokutanisha mitandao yao ili barua pepe ya kutoka Posta kwenda Mikocheni isizungukie Ulaya. Akimaliza hapo anatoka nje. Zipo ruta ambazo mitandao ya nchi nyingine imeziacha wazi zipate kuulizwa na yeyote, na fundi anaziuliza mbili tatu: nyinyi huko mnaliona vipi fungu langu? Unachokitangaza na kinachosikika mbali si lazima vifanane.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo halikuwamo daftarini. Pamoja na /22 ya kampuni, yenye anwani 1,024, dunia ilikuwa inasikia pia /24 moja kutoka ndani yake, ikitangazwa na ruta ya Dodoma. Kijana akapendekeza iondolewe, kwa kuwa imeshabebwa na fungu kubwa.

"Tusifute tusichokielewa, mdogo wangu. Kwanza tujue ipo kwa nini."

Wakaangalia trafiki. Wateja wa Dodoma walikuwa wakipokea data kupitia kwa mtoa huduma mwingine aliyeko huko huko, moja kwa moja, bila kushuka Dar kwanza. Aliyeiweka alikwishaondoka kazini na hakuandika popote, lakini alikuwa na sababu nzuri. Fundi akaongeza mstari mmoja kwenye daftari, kwa bluu, na pembeni akaandika sababu yenyewe. Naona hapo ndipo ufundi wake unapoonekana zaidi kuliko kwenye amri zozote alizoziandika baadaye. Mstari ule mmoja ungesahaulika, kila kilichofuata kingeharibika.

Kilichofuata ni hati. Mafundi huiita ROA, nayo ni tamko fupi lenye saini ya kidijitali: fungu hili, mtandao wenye ASN hii ndio wenye ruhusa ya kulitangaza, na kipande kidogo kabisa kinachoruhusiwa ni cha urefu huu. Mfumo wa vyeti unaobeba hati hizo ni RPKI, ambao misingi yake ilichapishwa 2012. Cheti cha juu hushikwa na msajili aliyegawa anwani, kwa hiyo mtu wa pembeni hawezi kujiandikia ruhusa ya fungu la mwenzake. Fomu ina visanduku vichache. Mwenye haraka angeimaliza kabla chai yake haijapoa. Fundi alikaa nayo muda mrefu, kwa ajili ya kisanduku kimoja.

Ni kile cha urefu wa mwisho. Kijana alikwishaandika 24, na hoja yake ilikuwa na akili: siku wakivamiwa kama YouTube, wataweza kutangaza vipande vya /24 papo hapo bila kurudi kwenye fomu. Fundi akaifuta 24, akaandika 22, kisha akachukua karatasi akamchorea. Ukiruhusu hadi /24 huku wewe unatangaza /22 tu, umeacha vipande vinne vyenye ruhusa lakini visivyo na anayevitangaza. Mwizi anakitangaza kimoja, na kwenye mnyororo wa namba za mitandao anaibandika ya kwako mwishoni, kana kwamba yeye ni jirani anayepitisha tu. Anayehakiki anaitazama hati: fungu limo, ASN ni yenyewe, urefu unaruhusiwa. Tangazo ni halali. Na kwa kuwa kipande cha mwizi ni kidogo kuliko fungu lako, trafiki inamfuata yeye. Hati uliyoiandika ili ikulinde ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwongozo wa RFC 9319, uliotoka Oktoba 2022, unaonya juu ya kosa hilo hilo: hati ifanane na kinachotangazwa kweli, basi.

Kwa hiyo ziliandikwa hati mbili. Fundi alianza na ile ya /24 ya Dodoma, akasubiri mpaka akaiona imechapishwa, ndipo akaandika ya /22 yenye mwisho wa 22. Mpangilio huo una sababu. Hati ya fungu kubwa ikitangulia, kipande cha Dodoma kinageuka batili machoni pa dunia mpaka hati yake ifike, na ingekuwa ajabu kuwavurugia watu wa Dodoma huduma yao kwa jina la usalama. Kila hati ina tarehe ya kwisha. Tarehe zote mbili zikaingia daftarini na kwenye kalenda ya simu za watu wawili tofauti.

Kabla ya kutoka kwenye akaunti ya msajili akakagua jambo moja ambalo wengi hulipita: nani anaweza kuingia humo. Tarehe 3 Januari 2024, mtu aliyepata nywila ya akaunti ya Orange ya Hispania kwa msajili wa Ulaya, RIPE NCC, aliingia na kutunga hati zenye ASN isiyo ya kampuni. Njia za kampuni zikageuka batili, mitandao inayohakiki ikaanza kuzikataa, na wateja wakakosa huduma kwa saa kadhaa. Nywila ilikuwa "ripeadmin", na hapakuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Fundi aliondoa jina la mfanyakazi aliyehama, akawasha hatua ya pili kwa waliobaki, akafunga.

Mpaka hapa amewasaidia wengine wamtambue yeye. Kazi iliyobaki ni ya yeye kuwatambua wengine, na hiyo inahitaji programu ya kuhakiki. Aliweka mbili kwenye seva mbili tofauti: Routinator, ya NLnet Labs ya Uholanzi, na rpki-client, iliyotoka kwa waandishi wa mfumo endeshi wa OpenBSD. Angeweza kuweka nakala mbili za programu moja, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini dosari ya programu moja ingezikuta nakala zote mbili kwa wakati mmoja, na yeye hapendi vitu vinavyougua pamoja. Kila programu hupakua hati kutoka kwa wasajili watano wa dunia, AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC, hukagua saini moja baada ya nyingine, kisha huipa ruta jedwali jepesi: fungu, ASN, urefu. Ruta haifanyi hesabu za saini. Inatazama jedwali na kulipa kila tangazo moja ya hali tatu. Halali, kama linafanana na hati. Batili, kama hati ipo na haifanani. Lisilojulikana, kama hakuna hati kabisa.

Yasiyojulikana hupita. Lazima yapite, kwani ilikuwa Mei 2024 ndipo njia za anwani za IPv4, aina ya hizi za fundi, zenye hati zilipovuka nusu ya njia zote duniani, na mwenye kukataa zisizo na hati angejikatia karibu nusu ya intaneti. Hata programu zote mbili zikizimika, matangazo yote yanakuwa yasiyojulikana na huduma inaendelea, bila ulinzi lakini inaendelea. Alijaribu hilo kwa makusudi: akazima moja, akaangalia, akazima na ya pili, akaangalia, akaziwasha.

Fundi mwepesi wa mkono angeiambia ruta ianze kukataa matangazo batili siku hiyo hiyo. Yeye aliiambia iyawekee alama tu. Kwa siku nyingi ruta ilipokea kila kitu kama zamani huku ikiandika pembeni: hili ningelikataa, na hili, na hili. Kila asubuhi yeye na kijana walikaa na orodha hiyo. Matangazo mengi batili yalikuwa ya nchi za mbali, makosa ya watu wengine, na trafiki ya kuelekea huko ilikuwa hakuna au kidogo mno. Moja lilikuwa la mteja wao wenyewe, taasisi yenye fungu lake iliyohamia kwao kutoka kwa mtoa huduma mwingine. Hati ya fungu hilo bado ilikuwa na ASN ya mtoa huduma wa zamani.

Akampigia simu mkuu wa TEHAMA wa pale, mtu mzima kwake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Za siku? Mbona mapema, kuna tatizo?"

"Salama, kaka. Tatizo lipo, ila ni dogo na tunaliweza. Mlipohama, hati yenu kule AFRINIC haikuhama. Kwa hiyo kuna mitandao ya nje inawakataa mpaka leo."

Kukawa kimya kidogo. "Ndiyo maana mifumo ya wafadhili wetu mingine inafunguka na mingine haifunguki? Sisi tumeshabadilisha hadi nyaya."

Akakaa naye kwenye simu mpaka fomu ikajazwa, akamsomea namba tarakimu kwa tarakimu na kumwomba azirudie. Hakumuuliza kwa nini hawakuibadili wakati wa kuhama. Alipokata simu alimwambia kijana kwamba kama wangeanza kukataa siku ile ile ya kwanza, wangekuwa wamemfungia mteja wao mlango kwa kosa ambalo simu moja imelimaliza.

Usiku wa kukataa ulikuja orodha ilipotulia. Saa nane, muda ambao matumizi yako chini kabisa, walikuwa wawili ofisini na mmoja wa zamu Dodoma. Fundi aliandika mabadiliko kwenye faili kwanza, si kwenye ruta. Kijana akayasoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, naye akafuata kwa kidole kwenye skrini. Ruta zao zina amri ya kuhifadhi kwa masharti: mabadiliko yanaanza kazi, lakini usipoyathibitisha ndani ya dakika 10 ruta inajirudisha ilivyokuwa. Kwa anayefanyia kazi ruta iliyo mbali, amri hiyo ndiyo kinga ya kutojifungia nje. Ukikosea ukakata njia unayoitumia mwenyewe, huhitaji kuwasha gari uende Dodoma, unasubiri.

Alianza na jirani mmoja tu. Kabla, akaandika idadi ya njia zilizopokelewa kwake: karibu milioni moja, ndiyo jedwali zima la dunia. Akabonyeza. Namba ikashuka kwa elfu chache na kusimama. Akafungua tovuti kadhaa kutoka kwenye mtandao wa wateja, benki, vyuo, barua pepe, akamwuliza wa Dodoma kwa simu kama anaona kitu kigeni. Hakuna. Dakika zilikuwa zinahesabika na yeye hakuwa na haraka ya kuthibitisha. Alitumia karibu muda wote aliopewa. Kisha akathibitisha, akaandika saa, akahamia kwa jirani wa pili.

Ungedhani kazi imeisha. Lakini hati hutaja mwanzilishi wa njia, haitaji njia inapita wapi. Tarehe 12 Novemba 2018, kampuni ya MainOne ya Nigeria ilikuwa ikiboresha mtandao wake, na kwa kosa la vichujio ikazipitisha njia za Google hadi kwa China Telecom. Kwa dakika 74 trafiki ya kwenda Google ilipinda kupitia njia isiyo yake, na huduma zikakwama kwa wengi. Mwanzilishi wa njia hizo alibaki Google mwenyewe. Hati ingesema halali.

Dawa ya kosa la namna hiyo ni kichujio cha kutokea, na hapa fundi ana desturi anayoisimamia kwa ukali. Kila njia inapoingia hupigwa muhuri: imetoka kwa mteja, imetoka kwa jirani wa kubadilishana naye trafiki, au imetoka kwa tunayemlipa atufikishe duniani. Kwenye mlango wa kutokea kuna sheria fupi: kwa majirani na kwa tunaowalipa, zitoke njia zetu na za wateja wetu. Mstari wa mwisho unakataa kila kitu kingine. Mstari huo ndio anaoukagua kwanza kwenye ruta ya mtu yeyote, kwa sababu ruta nyingi za zamani, zikiachwa bila kuambiwa, hutangaza kila kitu kwa kila mtu. Kwa wateja anaweka pia kikomo cha idadi. Shule yenye njia mbili ikianza ghafla kutangaza njia elfu 50, kikao cha BGP kati yake na sisi kinajifunga chenyewe na simu ya zamu inalia.

Yaliyobaki aliyamaliza upesi, kwa kuwa ni ya mazoea. Vikao vya BGP kati ya ruta na ruta vikawekewa nywila, na ruta ikaambiwa isikubali kifurushi kilichosafiri zaidi ya hatua moja, kwani jirani wa kweli yuko upande wa pili wa waya. Milango ya wateja ikazuiwa kutoa vifurushi vyenye anwani ya mtumaji isiyo ya mteja huyo. Ushauri huo wa kuzuia anwani za kughushi umeandikwa tangu mwaka 1998 na bado wapo wasioufuata, nao ndio wanaowapa nguvu washambuliaji wa kufurikisha. Tarehe 28 Februari 2018, tovuti ya GitHub ilimiminiwa trafiki ya terabiti 1.35 kwa sekunde kwa mbinu ya kughushi: mshambuliaji huziuliza seva za watu swali dogo kwa jina la mwathirika, nazo zinamrushia mwathirika majibu makubwa. Bila anwani ya kughushi mbinu hiyo haifanyi kazi.

Nilimwuliza kama sasa mtandao wake uko salama. Hakupenda neno hilo. Mwizi anayebandika ASN ya mwenzake mwishoni mwa mnyororo bado anaweza kuwadanganya baadhi ya watu, kwa kuwa hati haikagui mnyororo mzima. BGPsec, iliyokamilika kuandikwa 2017, ingekagua kila hatua kwa saini, lakini ni nzito na karibu hakuna anayeitumia; matumaini sasa yako kwenye ASPA, hati nyingine ambayo mtandao utatumia kutaja ni nani wanaouuzia njia.

Kuna pia sehemu ya mtumiaji. Tarehe 24 Aprili 2018, wezi walitangaza mafungu ya Amazon yaliyobeba seva za majina ya tovuti, na kwa saa mbili hivi baadhi ya waliotaka kuingia MyEtherWallet, tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, walipelekwa kwenye tovuti ya bandia. Vivinjari vyao vilionya kwamba cheti hakiaminiki. Waliobonyeza kuendelea walipoteza sarafu za kidijitali za thamani ya dola 150,000 hivi. "Mimi nitachuja mpaka nichoke," alisema dada yule, "lakini onyo likija kwenye skrini yako, mimi sipo hapo."

Kama chuo chako, benki yako au idara yako ina anwani zake kutoka AFRINIC, muulize mhusika lini mara ya mwisho alilinganisha hati na kinachotangazwa, na nani bado ana nywila ya akaunti. Na kama wewe unanunua intaneti tu, tangu 2020 kampuni ya Cloudflare ina tovuti ya isbgpsafeyet.com inayopima kama mtoa huduma wako anakataa njia batili. Kuipima hakuchukui dakika moja. Ukipata jibu baya, wapigie simu uwaulize wanasubiri nini.